Mosin, Lee-Enfield, Mauser au K31: Bunduki Ipi ya Jeshi la Zamani Ikufae?

Kila anayeanza kuvutiwa na bunduki za kijeshi za zamani huniuliza swali lile lile: ipi bora? Nami humrudishia swali lingine: unaitaka ya nini? Yupo anayetaka kuihifadhi jinsi ilivyotoka ghalani, kila namba na kila mhuri mahali pake. Yupo anayetaka kwenda nayo uwanja wa shabaha na kurudi na karatasi yenye matundu yaliyokaa pamoja. Na yupo anayetaka kuibana kwenye jiriwa, kulainisha kifyatulio, kurekebisha mbao na kufunga darubini mpaka ilenge vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Bunduki moja haiwezi kuwatosheleza wote watatu. Ile ambayo mkusanyaji anaithamini kwa sababu haijaguswa, fundi akishaitoboa tundu moja tu, kwa mkusanyaji imekwisha.

Jibu langu kwa aliye na haraka ni hili. Ya kupigia shabaha, chukua K31 ya Uswisi ikiwa risasi zake unazipata. Kama huzipati, Lee-Enfield No. 4 ya Uingereza. Ya kukusanya na kusoma historia yake, Mauser 98k ya Ujerumani. Ya kujifunzia ufundi, Mosin-Nagant ya Urusi. Na ya kuboresha, usiguse iliyo nzima. Tafuta ambayo mtu mwingine alikwisha kuikata zamani. Nachukulia kwamba kibali chako kiko sawa na unajua sheria ya silaha ya mahali ulipo, hivyo sitarudi tena kwenye hilo.

Vipimo vyake vya msingi ni hivi:

| Bunduki | Risasi | Magazini | Urefu | Uzito (takriban) |
|---|---|---|---|---|
| Mosin-Nagant 91/30 | 7.62×54R | 5 | mm 1,232 | kilo 4.0 |
| Lee-Enfield No. 4 | .303 | 10 | mm 1,129 | kilo 4.1 |
| Mauser 98k | 7.92×57 | 5 | mm 1,110 | kilo 3.9 |
| K31 | 7.5×55 | 6 | mm 1,105 | kilo 4.0 |

Ukiangalia jedwali utadhani zinafanana. Ukizishika, hakuna mbili zinazofanana.

Ukivuta bolti

Bolti ni kile kipande cha chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, unachokivuta kutoa ganda na kukisukuma kuingiza risasi. Ya Lee-Enfield ndiyo laini kuliko zote kuvuta. Meno yake ya kufungia yako nyuma ya bolti, si mbele, na mkono wa bolti unainuka nyuzi 60 tu badala ya 90. Bolti yenyewe hujikoki, yaani springi ya pini inayogonga risasi hubanwa, wakati wa kufunga. Unapofungua hupambani na springi yoyote. Unapofunga, uzito wa mwili tayari uko mbele, kwa hiyo springi inakokiwa bila wewe kuhisi. Ongeza magazini ya risasi 10, ndipo utaelewa kwa nini askari wa Uingereza kabla ya 1914 walifundishwa kupiga angalau risasi 15 zilizolengwa ndani ya dakika moja kwa umbali wa yadi 300. Mimi si askari, na sijawahi kufikia kasi hiyo, lakini ni bunduki pekee kati ya hizi nne ambayo naweza kuivuta na kuirudisha bila kuondoa shavu kwenye mbao.

Mauser ni kinyume chake: hujikoki wakati wa kufungua, kwa hiyo mwanzo wa kuinua mkono ni mzito. Lakini hakuna bolti inayotia moyo kama hii. Meno mawili makubwa mbele, la tatu nyuma kama akiba ya usalama, na pembeni ukucha mrefu wa chuma unaoshika kitako cha risasi tangu inapotoka kwenye magazini mpaka ganda litakapotupwa nje. Risasi haiachwi ielee peke yake hata kwa sekunde. Kufuli ya usalama ina hatua tatu: kushoto unapiga, wima, kifyatulio kimefungwa lakini bolti inafunguka, ili uweze kutoa risasi kwa salama, kulia, vyote vimefungwa. Bunduki nyingi za uwindaji zinazotengenezwa hata leo zimefuata njia hii ya 1898.

Mosin ina mkono mfupi ulionyooka, na ndio unaowafanya watu waichukie siku ya kwanza. Usalama wake ni kuvuta kinundu cha nyuma na kukizungusha kushoto, na springi ni ngumu kiasi kwamba wengi hawautumii kamwe. Sifa yake ni nyingine: bolti inafunguliwa yote kwa mkono, vipande vichache, na kifaa chake kidogo cha askari kina mipasuko miwili yenye namba 75 na 95. Hiyo ni ya kupimia ncha ya pini: isichomoze pungufu ya sehemu 75 kwa elfu moja za inchi, isizidi sehemu 95. Askari asiyejua kusoma michoro ya kiufundi aliweza kuirekebisha pini yake mtaroni. Ukifungua bolti ya Mosin mara tatu, umeshajua jinsi bunduki ya bolti inavyofanya kazi, na ujuzi huo utakwenda nao kwenye nyingine zote.

K31 haizungushwi kabisa. Unavuta moja kwa moja nyuma, unasukuma moja kwa moja mbele. Kwa aliyezoea nyingine, mkono wa kwanza hupotea njia. Unataka kuinua kitu kisichoinuka. Baada ya risasi kumi hivi, mwili unakubali. Udhaifu wake ni kwamba mvuto wa moja kwa moja hauna nguvu kubwa ya kulilegeza ganda lililonata, kwa hiyo chemba yake, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, inataka usafi. Pete ya nyuma ya bolti ndiyo usalama: ivute, izungushe, basi.

Kwenye shabaha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapodanganyana sana.

K31 ilibuniwa chini ya Kanali Adolf Furrer wa kiwanda cha silaha cha Bern, na ilitengenezwa mpaka 1958. Waswisi hawakuwa na vita vya kuzichakaza. Walikuwa na utamaduni wa shabaha, na walitengeneza bunduki na risasi kama kitu kimoja. Risasi yenyewe, GP11, ina kichwa cha gramu 11.3 na fataki (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) isiyoacha chumvi kwenye mtutu. Kifyatulio kina hatua mbili zinazohisika wazi: unavuta mpaka inapogota, unatulia, kisha unaongeza kidogo na inakatika kama kijiti kikavu. Bunduki yangu ya K31 ndiyo niliyoitoa ghalani, nikaifuta mafuta, nikapiga, na sikuhitaji kufanya kitu kingine chochote. Kasoro yake ni tumbo: haipendi kila chakula. Koo ya chemba, pale mtutu unapoanzia, ni fupi, na ukitaka kuijazia risasi mwenyewe kwa vichwa vya kisasa vya uwindaji, itabidi uvizamishe zaidi ndani ya ganda ili visigongane na mitaro ya mtutu. Na ganda la GP11 lina fataki ya aina ya Berdan, ambayo si rahisi kuibadilisha, hivyo maganda hayo si ya kuyategemea kwa kujaza upya.

Lee-Enfield No. 4 ina kilenga cha nyuma cha tundu, kilicho karibu na jicho. Wale wenye macho yaliyoanza kuchoka, sikilizeni: hiki ni kitu kikubwa kuliko vyote nilivyotaja. Mauser na Mosin zina kilenga cha nyuma chenye pengo, kiko mbele mbali, na jicho linatakiwa kuona vitu vitatu kwa umbali tofauti. Tundu linakupunguzia kimoja. Jicho lenyewe hutafuta katikati bila kuambiwa. Ndugu yangu mmoja wa makamo aliyekuwa ameacha kupiga shabaha kwa sababu ya macho, nilimpa No. 4 na hakuirudisha kwa saa nzima.

Lakini ina ugonjwa wake. Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako, na nafasi ya kufungia, yaani pengo linalobaki kati ya uso wa bolti na risasi iliyokaa ndani ya chemba, hupimwa kwenye ukingo huo. Chemba za kijeshi zilikatwa kwa upana, ili risasi yenye tope iingie. Matokeo yake ni kwamba ganda hunyooka kila linapopigwa, na ukilibana lote kwenye mashine ya kujazia, litakatika karibu na kitako baada ya mara chache. Dawa ni kubana shingo ya ganda tu, na kuyatumia maganda hayo kwenye bunduki ile ile iliyoyatanua. Ukipakia magazini pia, hakikisha ukingo wa kila risasi uko mbele ya ule wa risasi iliyo chini yake. Ukikosea, ya juu itashikwa na ya chini na bolti itagota katikati.

Mauser inalenga vizuri, ikiwa mtutu wake ni mzima na risasi ni sahihi. Hilo la pili si la kupita haraka. Mitutu ya awali ya 1888 ilipokea kichwa cha milimita 8.08, kuanzia 1905 Wajerumani walihamia kichwa kilichochongoka cha milimita 8.20. Jina "milimita 8 Mauser" hutumika kwa zote mbili. Kichwa kikubwa kikilazimishwa kupita kwenye mtutu mwembamba, shinikizo linapanda hadi pabaya. 98k yoyote ya kawaida ni ya 8.20, lakini ukikuta bunduki ya zamani zaidi yenye sura ya Kijerumani, pima mtutu kabla ya kuamini maneno ya muuzaji.

Mosin inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Wengi hupiga risasi tano, wanaona zimekwenda pembeni, wanaitupa lawama bunduki. Kumbe Jeshi Jekundu la Kisovieti lilirekebisha vilenga vya 91/30 singe ikiwa imefungwa mbele. Ukiitoa singe, mahali risasi inapogonga panahama. Ama ifunge, ama sogeza kilenga cha mbele kwenye reli yake. Ndiyo marekebisho pekee ya kushoto na kulia uliyonayo. Na mtutu wa Mosin ukiwa mzuri, ni mtutu mzuri kweli. Simo Häyhä, mlenga shabaha Mfini wa vita vya Ufini na Wasovieti vya 1939 hadi 1940, alitumia bunduki ya ukoo huu, modeli M/28-30, kwa vilenga vya chuma bila darubini. Wafini hawakuwahi kutengeneza miili ya Mosin, yaani ile sehemu ya chuma ya katikati inayobeba bolti. Walichukua ya Kirusi, wakaifunga mitutu yao wenyewe na kurekebisha vifyatulio. Ukiiona yenye mhuri wa herufi SA ndani ya mraba, alama ya jeshi la Ufini, na bei ikakaa sawa na ya Mosin ya kawaida, usisite.

Teke la bega: Mosin na Mauser hupiga zaidi. K31 na Enfield ni za kuvumilika siku nzima. Mpira wa kuvika juu ya kitako unatosha, na hauharibu kitu.

Kwa anayekusanya

Mauser 98k iliingia jeshini 1935, na zilitengenezwa zaidi ya milioni 14. Kila kiwanda kilikuwa na msimbo wake: byf ni Mauser ya Oberndorf, dot ni Brno, bnz ni Steyr. Kisha kuna mwaka, mihuri ya ukaguzi, namba kwenye mwili, bolti, kufuli, kilenga, pete za mbao. Unaweza kuishika bunduki moja na kuisoma jioni nzima kama barua. Ndiyo maana naiweka mbele kwa mkusanyaji.

Na ndiyo maana wadanganyifu wameizoea. Kuna 98k nyingi zilizotekwa na Wasovieti, zikafunguliwa zote, vipande vikachanganywa, zikapakwa rangi upya, na mbao zikapigwa vanishi ya rangi ya chungwa. Mara nyingi zina alama ya X, na namba za vipande zimeandikwa kwa kalamu ya umeme ili zilingane na mwili. Hakuna ubaya wowote kuinunua ya namna hiyo; ni ya kupigia bila huruma, na historia yake ni ya kweli. Ubaya ni mtu kuzifuta alama hizo, kugonga namba mpya, na kukuuzia kama iliyotoka mikononi mwa Mjerumani. Tazama namba kwa lenzi: iliyogongwa kiwandani ina kingo zilizolala pamoja na rangi ya chuma, iliyogongwa juzi ina kingo kali zinazong'aa, au rangi mpya ndani ya tarakimu. Kuna pia M48 ya Yugoslavia, yenye sura ya 98k lakini mwili wake ni mfupi kidogo. Bolti ya 98k haiingii. Atakayekuambia vipuri vinabadilishana hajawahi kujaribu.

Kwa Enfield, mtego mkubwa ni zile za walenga shabaha wa vita, No. 4 (T). Ya kweli ina mihuri yake kwenye mwili na kitako, na namba ya darubini imegongwa juu ya shingo ya mbao. Kibao cha shavu na vishikio vya darubini vinaweza kufungwa na yeyote kwenye No. 4 ya kawaida. Ukitaka kukusanya Enfield bila kuumia, kusanya kwa viwanda: Fazakerley, Maltby na BSA Shirley za Uingereza, Long Branch ya Kanada, Savage ya Marekani yenye maandishi ya mali ya Marekani. Kwa zile za modeli ya zamani, SMLE, kuna Lithgow ya Australia na Ishapore ya India. Hiyo Ishapore ndiyo iliyotoa 2A1 inayotumia risasi ya 7.62 ya NATO, si .303, mbili hizo zisikae mfuko mmoja.

Mosin zilipita kwenye karakana za Kisovieti baada ya vita, zikafanywa upya kwa maelfu: namba za zamani zikafutwa kwa mstari, mpya zikagongwa. Kukuta namba zinazolingana si ushahidi wa chochote. Mwili wa pembe sita ni wa kabla ya katikati ya miaka ya 1930. Baadaye ukawa wa mviringo.

K31 ni rahisi kwa mkusanyaji: namba nyingi bado zinalingana, hata magazini. Ila fungua bamba la kitako. Nilipofungua la kwangu, skrubu mbili, nilikuta karatasi ndogo iliyokunjwa, imekuwa rangi ya chai, ina jina la askari aliyegawiwa, kikosi chake na mji wake, kwa wino wa taipureta. Niliisoma, nikaikunja kwa mikunjo yake ile ile, nikairudisha. Wengi huzikuta. Sehemu ya chini ya mbao ya K31 hizo pia huwa imetafunwa na kuchubuka. Ni mikono ya askari, baridi na maji ya miaka mingi. Usiipige msasa.

Kuiboresha bila kuiua

Nianze na kosa langu. Lee-Enfield yangu ya kwanza ilikuwa SMLE yenye kitako kilicholegea. Nikachukua bisibisi ndefu, nikaipitisha kwenye tundu la kitako, nikazungusha ile skrubu kubwa ndani inayoshika kitako. Nikasikia mlio kama wa ukuni mkavu. Mbao ya mbele ilikuwa imepasuka nyuma, karibu na kifyatulio. Mwisho wa skrubu ile una umbo la mraba, na unakaa ndani ya kibamba kilicho kwenye mbao ya mbele. Ukiuzungusha kabla ya kuitoa mbao ya mbele, unaipasua. Kanuni ni kutoa mbao ya mbele kwanza, kila mara. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo, nikadhani kuzungusha kidogo hakuna shida.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja: je, naweza kulirudisha? Kusafisha, kupaka mafuta ya kitani, kubadilisha springi, kuweka kilenga kirefu zaidi cha mbele, kufunga kishikio cha darubini kisichohitaji keekee, kuweka kipande chembamba cha shaba chini ya mwili ili ukae imara kwenye mbao: yote yanarudi. Kukata mtutu, kutoboa mwili, kupiga msasa mbao, kupinda mkono wa bolti, kumwaga gundi ya epoksi chini ya mwili: hayarudi. Kama bunduki ina namba zote moja, kundi la pili liache.

Kwa Mosin, kazi ya kwanza ni chemba. Bunduki hizi zilihifadhiwa kwenye grisi nzito iliyogeuka utomvu. Unafuta nje yote inang'aa, unaenda uwanjani, baada ya risasi kumi na tano bolti haifunguki mpaka uigonge kwa kiganja. Ni grisi iliyobaki ndani ya chemba imepata joto na kushika maganda. Chukua brashi ya shaba pana kuliko mtutu, iloweshe kiyeyushi, izungushe ndani ya chemba kutoka nyuma mpaka kitambaa kitoke cheupe. Nilipofanya hivyo, Mosin niliyokuwa naifungua kwa mikono miwili ilianza kufunguka kwa vidole vitatu. Kisha angalia mdomo wa mtutu. Mingi ilisuguliwa na fimbo za kusafishia zilizoingizwa kutoka mbele. Karakana nyingine zilikwepa tatizo kwa kuchimba sehemu ya mwanzo ya mtutu ili mitaro ianzie ndani zaidi. Mtutu uliochimbwa hivyo unaweza kulenga vizuri kabisa, usiukimbie.

Mauser ndiyo yenye vipuri vingi zaidi: vifyatulio, kufuli za upande zinazopisha darubini, mbao za aina zote. Zile zilizokatwa na wawindaji miaka ya zamani, mbao imefupishwa na mwili umeshatobolewa, ndizo ninazozipenda kwa kazi hii. Hakuna wa kumkosea. Ufundi wako wote uweke hapo, epoksi na yote, na ukimaliza utakuwa na bunduki isiyoona haya mbele ya mpya.

Enfield inataka mbao yake ikae sawa kabla ya kitu chochote. Kwenye No. 4, mbao ya mbele inapaswa kuusukuma mtutu juu kidogo karibu na mdomo. Mbao ikikauka na kusinyaa, msukumo huo unapotea na risasi huanza kutawanyika kadiri mtutu unavyopata joto. Wengi hubadilisha mtutu wakati ugonjwa uko kwenye mbao. Kama unachagua toleo, No. 4 Mk 2 ya kuanzia 1949 ina kifyatulio kilichofungwa kwenye mwili wa chuma, si kwenye kinga ya kifyatulio iliyoshikwa na mbao, hivyo hakibadiliki mbao inapovimba kwa unyevu.

K31? Iache. Kuna vishikio vya darubini vya kubana pembeni, visivyotoboa. Maganda hutoka kwa juu, ndiyo maana darubini yake hukaa upande. Zaidi ya hapo sijaona mtu aliyeiboresha ikawa bora.

Siku ya kuinunua, na jioni ya kwanza

Nenda na tochi ndogo, kitambaa, na kichwa kitupu cha risasi ya aina hiyo, kisicho na ganda wala baruti. Bunduki ikaguliwe kwanza kwamba haina risasi. Ingiza kichwa hicho kwenye mdomo wa mtutu: kikizama mpaka mahali lilipokuwa ganda, mdomo umechakaa. Mulika kutoka nyuma. Mtutu mweusi wenye mitaro yenye kona kali unaweza kusafika. Mtutu unaong'aa wenye mitaro iliyolainika kama ya sabuni iliyotumika hautarudi. Bonyeza mbao karibu na kifyatulio na nyuma ya mwili. Mafuta yakitoka mahali panapobonyea, mbao imelowa na imelegea.

Kabla ya kuipiga, fundi wa silaha aipime nafasi ya kufungia kwa geji. Kwa Enfield No. 4 ikizidi, kuna njia ya kiaskari: kichwa cha bolti kinafunguliwa kwa kuzungushwa, na kilitolewa kwa namba 0, 1, 2 na 3, kwa kawaida kila moja ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Mauser yenye bolti isiyo yake haina njia rahisi kama hiyo, kwa hiyo bolti yenye namba tofauti isipigwe bila kupimwa hata kama inafunga kwa ulaini.

Ukirudi kutoka uwanjani, kama risasi zilikuwa za ziada za kijeshi za zamani, usianze na mafuta. Fataki zake nyingi zina potasiamu kloreti. Ikiwaka inaacha chumvi, na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Usiku mmoja wa unyevu unatosha kuupaka mtutu kutu ya rangi ya machungwa. Chemsha maji. Weka faneli nyuma ya chemba, mimina polepole, yatoke mdomoni yakiwa ya kijivu, mimina tena mpaka yatoke meupe. Osha na uso wa bolti. Joto la maji lenyewe litaukausha mtutu. Pitisha vitambaa viwili vikavu, ndipo upake mafuta mepesi. Kesho asubuhi pitisha kitambaa cheupe tena. Kikitoka na wekundu, rudia maji.